Betri ya gari Malindi: kuipunguza uzito, au kuihamishia kwenye buti

Wenye magari wengi huzichanganya kazi mbili ambazo hazifanani. Kuna kuipunguza betri, yaani kutoa nzito na kufunga nyepesi palepale ilipokuwa. Na kuna kuihamisha, kuitoa chini ya boneti na kuipeleka kwenye buti. Ya kwanza hupunguza uzito wa gari. Ya pili huuongeza, kwa sababu kebo nene ya shaba ya mita tano, sanduku, vyuma vya kulishikilia na fyuzi yake hufika kilo nne bila shida. Kinachopatikana kwa kuhamisha ni mgawanyo wa uzito: pua inakuwa nyepesi, nyuma inakuwa nzito.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme betri ya kilo 15 imekaa sentimita 30 mbele ya ekseli ya mbele, ekseli mbili zimeachana mita 2.5, nawe unaipeleka sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Imesogea mita 3. Zidisha 15 kwa 3, gawanya kwa 2.5: ekseli ya mbele imetuliwa kilo 18, ya nyuma imebebeshwa kilo 18 zaidi. Kwa Subaru Impreza ya turbo, ambayo injini yake yote imekaa mbele ya ekseli, utalisikia hilo kwenye kona. Kwa Probox inayobeba abiria na magunia kati ya Malindi na Marafa, ambayo nyuma tayari imelemewa, ni hasara tupu.

Kwa hiyo ushauri wetu hauna mzunguko: gari la kila siku lipunguzie betri, usiihamishe. Kuhamisha waachie wenye gari zito la pua wanaotaka liende vizuri kwenye kona, au wanaohitaji ile nafasi chini ya boneti kwa kazi nyingine. Gari la dizeli, liwe Hilux, Prado au Hiace, liache kama lilivyo. Stata yake inavuta umeme mwingi mno.

Kwa nini pwani betri ndogo inatosha

Namba inayoambatana na herufi CCA kwenye betri ni ampea inazoweza kutoa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Hiyo ni baridi ya nchi za theluji. Malindi hata usiku wa kusi wa Julai haifiki karibu na hapo. Oili ya injini inabaki nyepesi na stata inazungusha kwa urahisi. Gari lililotoka Japani na betri kubwa kwa ajili ya majira ya baridi ya huko limebeba hapa kilo zisizo na kazi.

Adui wa betri hapa ni joto. Chini ya boneti, ukiwa kwenye foleni ya jua kali, maji ya betri hukauka, bati za ndani huliwa na betri hufa mapema. Kila joto la kudumu linapopanda nyuzi 10 hivi, umri wa betri ya risasi hukaribia kukatika nusu. Basi usiitupe ile ngao ya plastiki au kitambaa inayoizunguka betri kwa kisingizio cha kupunguza gramu. Kazi yake ni kuzuia joto la injini.

Sasa soma namba iliyo juu ya betri. Kwenye 55D23L, 55 ni daraja la nguvu, D ni kundi la upana na kimo (D ina upana wa takriban milimita 173, B takriban 129), 23 ni urefu kwa sentimita, na L ni upande ilipo chanya. Herufi hii ya mwisho usiichezee. Ukinunua R badala ya L, ama kebo hazitafika, ama zitafika kinyume, na ukizifunga kinyume utaunguza fyuzi kuu na dayodi za altaneta kwa mguso mmoja.

Uzito unakwenda hivi, kwa makadirio: 80D26L kilo 17 hadi 19, 55D23L kilo 14 hadi 15, 46B24L kilo 11 hadi 12, 36B20L kilo 9 hadi 10. Gari la petroli la cc 1500 linalotembea na 55D23L linaweza kushuka hadi 46B24L, na hapo umeokoa kilo tatu bila kutoboa tundu hata moja. Shuka ngazi moja. Kushuka mbili kunawezekana kwa injini ya 1000 au 1300, lakini soma kwanza habari ya kuegesha hapa chini.

Magari yenye kuzima injini yenyewe kwenye taa, kama Vitz, Note na Demio za miaka ya karibuni, yana betri ya aina yake, iliyoandikwa N-55, Q-85 na mfano wa hayo. Ukiweka ya kawaida, itachakaa kwa miezi michache kwa sababu injini inawashwa mara nyingi mno kwa siku. Nazo Aqua na Prius, nyingi zao betri ndogo tayari iko nyuma, ndani ya gari, na ni ya aina iliyozibwa yenye mrija wa kutolea hewa nje. Kuweka humo betri ya kuongeza maji ni hatari; sababu yake tutaieleza tukifika kwenye buti.

Gari linaloegeshwa siku nyingi

Gari lililozimwa bado linakula umeme: kompyuta, alamu, saa ya redio. Funga mita kwenye upande wa ampea, chomoa kebo ya hasi, weka mita katikati ya kebo na betri, funga milango, usubiri nusu saa kompyuta zilale. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, itaungua. Kati ya miliampea 20 na 50 ni kawaida. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kila siku.

Betri ya 46B24L ina takriban ampea-saa 36, kwa hiyo inafika nusu baada ya siku 15. Ya 36B20L, yenye 28 hivi, inafika nusu kabla ya siku 12, na chini ya nusu betri ya risasi huanza kuharibika. Wanaoegesha Mokowe na kuvuka kwenda Lamu kwa wiki mbili wanaijua shida hii, hasa wakiwa wamefungiwa alamu na kifaa cha kufuatilia gari. Kama hayo ndiyo maisha ya gari lako, usishuke ngazi mbili. Ama zoea kuchomoa hasi kabla ya kupanda boti.

Kufunga nyepesi palepale

Spana namba 10 inatosha kwa magari mengi ya Japani. Vyuma vya kushikilia betri huenda vikataka namba 12. Andika namba ya siri ya redio kama ipo. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua hasi kwanza, kisha chanya. Sababu ni spana: ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita kwenye spana hiyo. Hasi ikiwa imetoka, spana ikigusa bodi hakuna kitu. Wakati wa kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa, yeyusha kijiko cha magadi kwenye kikombe cha maji ya moto, mwagia, acha povu liishe, suuza, kausha. Maji hayo yasiingie ndani ya betri, yataua tindikali yake.

Betri za kundi B huja na nguzo nyembamba au nene. Ikiwa na herufi S mwisho, kama 46B24LS, nguzo ni nene. Kichwa cha kebo kilichozoea nguzo nene hakitashika nyembamba hata ukaze hadi nati ikatike. Hapa ndipo mafundi wengi huokota msumari au skrubu na kuigongomea katikati ya nguzo na kichwa. Chuma hicho kinagusa sehemu mbili tu nyembamba, kinapata moto stata inapovuta, na kwa hewa ya chumvi ya Malindi kinashika kutu baada ya wiki chache. Nunua kifuko cha risasi cha kuvalisha nguzo, ni kitu kidogo na cha bei ndogo, au badilisha kichwa cha kebo.

Trei ya betri kubwa itakuwa pana. Jaza pengo kwa mpira mgumu, si kwa mbao inayonyonya maji, na kata upya ile nondo ya kushikilia ili ikaze kweli. Ukiisukuma betri kwa mkono na ikacheza, barabara ya matumbawe itaivunja bati za ndani. Maliza kwa kupaka grisi juu ya vichwa vilivyokwisha kukazwa, ili chumvi isipate pa kushika.

Lithiamu

Anayetaka kushuka zaidi ataangalia betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, LiFePO4. Kwa injini ya petroli ya 1300 au 1500 inapatikana ya kilo 3 hadi 5. Ni kitu kizuri, lakini ina masharti.

Kwanza, uwezo wake. Wauzaji huandika ampea-saa kubwa na kando yake herufi ndogo pbEq, maana yake ni ulinganisho na betri ya risasi, si uwezo halisi. Tafuta wati-saa, Wh, gawanya kwa 12.8. Ikiandikwa Wh 154, una ampea-saa 12 tu. Kwa ule mlo wa 1.2 kwa siku, wiki moja ya kuegesha inaifikisha pabaya.

Pili, altaneta. Pima kabla ya kununua: injini ikiwa mizunguko 2500 kwa dakika, mita kwenye vichwa vya betri isome kati ya voliti 13.8 na 14.4. Kikomo cha lithiamu ya aina hii ni 14.6. Altaneta kuukuu yenye kidhibiti kibovu hupanda hadi 15. Betri ya risasi itavumilia kwa kuchemka, lakini lithiamu, kompyuta yake ya ndani itajikata kujilinda. Altaneta ikibaki bila betri, voliti zinaruka ghafla na kompyuta ya gari iko hatarini. Chaja ya gereji yenye hali ya kufufua betri ya risasi nayo isiiguse.

Tatu, joto. Nyingi zina kikomo cha nyuzi 60. Karibu na eksosi ya gari lenye turbo, Machi wakati wa kaskazi, kikomo hicho kinafikiwa. Ukiamua lithiamu kwenye gari la namna hiyo, ndipo kuhamishia kwenye buti kunapata maana, na uzito wa kebo utafidiwa na uzito uliookolewa.

Kuihamishia kwenye buti

Anza na betri yenyewe. Betri ya kuongeza maji hutoa haidrojeni inapochajiwa, na haidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche moja. Chini ya boneti upepo unaiondoa. Kwenye buti iliyofungwa haina pa kwenda, tena kwenye Probox au Impreza ya mlango wa nyuma buti na abiria wako chumba kimoja. Tumia AGM, yaani betri ya risasi iliyozibwa isiyoongezwa maji, au lithiamu. AGM nayo ina valvu inayoweza kufunguka ikichajiwa kupita kiasi, kwa hiyo chagua yenye tundu la mrija, na upitishe mrija wa milimita 8 hadi 12 kwenye sakafu hadi nje, mdomo ukitazama nyuma ili matope yasiuzibe.

Sanduku la plastiki peke yake halishikilii kitu. Kwenye ajali, betri ya kilo 15 inaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 300. Inatakiwa fremu ya chuma cha pembe, bolti nne za M8 zinazopita sakafu, na chini ya sakafu washa pana au kipande cha bati nene kwa kila bolti. Kabla ya kutoboa lala chini uangalie: tangi la mafuta na mabomba ya breki yako hapohapo. Rangi ya kuzuia kutu ipake kila tundu siku hiyohiyo. Mpira wa tyubu uliokatwa, ambao watu hufungia kila kitu, hapa haukubaliki.

Kebo ndiyo kazi yenyewe. Stata ya petroli ya kawaida inavuta ampea 150 hadi 200. Kwa mita 5 na ampea 200, kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 inapoteza voliti 1.2, ya 25 inapoteza 0.8, ya 35 inapoteza 0.55, ya 50 inapoteza 0.4. Betri yenyewe hushuka hadi karibu 10.5 inapowasha, kwa hiyo ukitumia ya 16 stata inabaki na 9 na kitu, inazunguka kwa uzito, na kompyuta ya injini inaweza kupoteza fahamu katikati ya kuwasha. Hadi injini ya 1500 tumia 35. Ya 2000 na zaidi tumia 50. Hiyo ya 35 kwa mita 5 ina shaba ya kilo 1.6, kabla hujahesabu ganda.

Kwangua waya mmoja kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ile inayouzwa kwa wenye muziki wa magari. Inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba, na kwa chumvi ya bahari ncha zake huoza ndani ya kichwa bila wewe kuona. Kebo ya mashine ya kuchomelea yenye shaba halisi ni nzuri: nyuzi zake ni nyembamba na nyingi, inapinda kirahisi. Ganda lake la mpira halipendi oili, kwa hiyo ivalishe bomba la plastiki la mikunjo mwanzo hadi mwisho.

Vichwa vya kebo vibanwe kwa kibanio cha haidroli. Kulehemu kwa risasi peke yake hakufai: kiungo kikipata moto risasi inalainika, na pale ilipoishia waya unakuwa mgumu na kukatika kwa mtikisiko. Ukishabana, vuta kwa nguvu zako zote. Kikitoka, afadhali kitoke mkononi mwako. Malizia kwa bomba linalosinyaa kwa moto, lile lenye gundi ndani.

Fyuzi ikae ndani ya sentimita 30 kutoka chanya ya betri. Watu huiruka kwa sababu gari halikuja nayo, lakini kebo ya kiwandani ilikuwa fupi na sasa una mita tano za umeme mtupu zinazopita chini ya miguu ya abiria. Kebo ikichubuka bila fyuzi, hakuna kinachoizima hadi gari liungue. Ampea 250 kwa injini ndogo, 300 kwa ya 2000, ya aina nzito ya kufungwa kwa bolti.

Ipitishe ndani, chini ya kapeti, kandokando ya kizingiti cha mlango. Kuipitisha chini ya gari ni kuitoa sadaka kwa mchanga, mawe na maji ya chumvi. Jiepushe na upande wa bomba la mafuta, na waya zenye ganda la manjano usizisogelee. Hizo ni za mifuko ya hewa. Kila tundu la bati livishwe raba. Kila sentimita 30 weka kishikizo. Mbele, pale betri ilipokuwa, funga nguzo ya kuunganishia yenye kizio na kifuniko. Kebo mpya, waya wa stata, wa altaneta na wa sanduku la fyuzi vyote vikutane hapo. Fyuzi za kiwandani zibaki zilivyo.

Athi

Athi ni pale hasi ya betri inaposhika bodi ya gari. Kazi hii ikiharibika, hapa ndipo penye lawama kubwa. Nyuma, hasi ya betri ishike bodi kwa kebo fupi yenye unene uleule wa chanya. Chagua bati nene, si mkunjo mwembamba wa buti, wala si bolti ya mkanda wa usalama. Piga msasa hadi chuma king'ae upana wa shilingi ishirini, funga bolti ya M8 na washa ya meno, kaza, ndipo upake grisi na rangi juu ya yote.

Mbele ndiko kunakosahauliwa. Kebo ya hasi ya zamani ilikuwa inashika bodi na injini kwa pamoja. Ulipoiondoa, injini imekaa juu ya mpira na haina njia ya kurudishia umeme. Umeme wa stata utatafuta njia yoyote: waya wa kanyagio la mafuta, waya wa gia, waya wa klachi. Ukiona waya wa kanyagio umekuwa mgumu au ganda lake limeyeyuka baada ya kuhamisha betri, usinunue mwingine kwanza. Funga kebo ya milimita za mraba 35 kutoka kwenye mwili wa injini au gia hadi kwenye bodi, chuma kwa chuma.

Kupima

Usiridhike kwa kuwa gari limewaka. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, mwenzio azungushe ufunguo kwa sekunde tatu. Ncha moja ya mita iwe kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye bolti ya stata: isizidi voliti 0.6. Kisha hasi ya betri na mwili wa injini: isizidi 0.3. Ikizidi, sogeza ncha kiungo kwa kiungo, na pale namba inaporuka ndipo penye ubovu. Mara nyingi ni rangi iliyobaki chini ya washa. Rudisha fyuzi, washa, pima kwenye betri: 13.8 hadi 14.4. Tofauti ya voliti 0.1 au 0.2 chini ya zile za mbele ni sawa. Injini ikinguruma kwa kupanda na kushuka siku ya kwanza ni kwa sababu kompyuta imesahau kipimo chake. Iache iwake dakika kumi bila AC, kisha kumi na AC.

Baada ya wiki kaza nati zote tena, maana shaba na risasi hulegea zikishakaa. Msimu wa kusi, upepo unapoleta chumvi kutoka baharini, kagua athi mbili zile kila mwezi. Mwambie na kampuni yako ya bima kwamba betri imehama.

Betri kuukuu ipeleke dukani ulikonunua mpya. Wengi huipokea na kupunguza bei. Usimpe mtu wa kuiyeyusha nyumbani, wala usimwage tindikali yake kwenye mchanga. Risasi ya betri ndiyo iliyowadhuru watu wa Owino Uhuru, Mombasa, watoto miongoni mwao, hadi mahakama mwaka 2020 ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Ibebe ikiwa imesimama, ndani ya karai la plastiki, vichwa vyake vikiwa vimefunikwa kwa utepe wa fundi umeme.